Jinsi ya kupima kazi ya protini Nef ya virusi vya SIV, na namna ya kuyasoma majibu bila kujidanganya

Mwaka 1991 ilichapishwa kazi iliyobadilisha namna ya kuitazama protini ndogo iitwayo Nef. Makaki rhesus (kima wa Asia) walioambukizwa kirusi cha SIVmac239 (aina ya SIV, virusi vya nyani vilivyo ndugu wa VVU) kilichokatwa sehemu ya jeni ya nef walibaki na virusi wachache mno katika damu, na hawakuugua kama wenzao waliopewa kirusi kamili. Wengine walipewa kirusi ambacho nef yake ilizimwa kwa kodoni moja tu ya kusimamisha (herufi tatu za jeni zinazokatisha utengenezaji wa protini). Kwa wanyama hao kirusi kilijirekebisha ndani ya muda mfupi, kodoni ile ikapotea, na ugonjwa ukaendelea. Jeni ambayo kirusi hakiihitaji sana katika chupa ya maabara kiliihitaji sana ndani ya mnyama.

Swali la maabara basi ni hili: Nef ya kirusi fulani inafanya nini kwa seli, na je, jambo hilo linahusiana na ugonjwa? Mwongozo huu unaeleza kipimo kinachojibu nusu ya kwanza ya swali. Unaingiza plasmidi (mduara mdogo wa DNA) yenye nef katika seli T (seli nyeupe za kinga), kisha unapima kwa saitometa ya mtiririko (mashine inayopima mng'ao wa seli moja moja) ni kiasi gani cha CD4, CD3, CD28 na MHC-I (protini zinazokaa juu ya seli T) kimeondolewa juu ya utando. Hakuna kirusi kizima popote katika kazi hii, na ndiyo sababu ya kuichagua. Ukitumia kirusi kamili cha VVU-1, CD4 inashushwa na protini tatu kwa pamoja. Nef huiondoa ile iliyokwisha kufika kwenye utando, Vpu huisukuma ile mpya ikaharibiwe kabla haijafika juu, na Env huinasa njiani. Hapo huwezi kusema nani kafanya nini. Plasmidi yenye nef peke yake inakuondolea utata huo, na inakuwezesha kufanya kazi kwa usalama wa maabara ya ngazi ya pili, kabati la usalama wa kibiolojia likiwapo.

Kuandaa plasmidi

Plasmidi inayofaa ni ile ambayo nef na GFP (protini inayong'aa kijani) zinatokana na ujumbe mmoja wa RNA, zikitenganishwa na kipande cha IRES. Kwa mpangilio huo kila seli inayong'aa kijani ina Nef, na kadiri inavyong'aa ndivyo Nef ilivyo nyingi. Wanaotumia plasmidi mbili tofauti, moja ya nef na nyingine ya GFP, hupata seli nyingi za kijani zisizo na Nef ya kutosha, na tofauti halisi hupungua machoni.

Unapoitoa nef katika sampuli ya mnyama kwa PCR, tumia polimerasi (kimeng'enya cha kunakili DNA) inayosahihisha makosa yake, kisha soma mfuatano mzima kutoka ATG hadi kodoni ya mwisho, pande zote mbili. Kumbuka mahali jeni ilipo. Mkia wa nef hulalia juu ya LTR (kipande kinachojirudia mwishoni mwa jenomu) ya upande wa 3', na katika SIVmac mwanzo wake hulalia juu ya mwisho wa env. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) zilizowekwa vibaya hukupa jeni iliyokatika kichwa au mkia, na saitometa itakuambia kwa uaminifu kabisa kwamba haifanyi kazi. Mnyama mmoja pia hana kirusi cha namna moja. Chukua klona (jeni moja moja zilizotengwa na kunakiliwa) kadhaa kutoka kila sampuli, kwa sababu klona moja iliyoharibika haitoi ushahidi juu ya mnyama mzima. Hata SIVmac239 yenyewe, ilipoklonwa mara ya kwanza, ilikuwa na kodoni ya kusimamisha katikati ya nef. Angalia kwamba unayotumia ni toleo lililofunguliwa.

Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni kuweka alama ya utambulisho mbele ya protini. Nef hufika kwenye utando kwa sababu asidi ya mafuta iitwayo miristati hupachikwa kwenye glisini ya nafasi ya pili. Ukiweka alama mbele yake, glisini hiyo haipo tena mahali pake, miristati haipachikwi, na karibu kazi zote hupotea. Weka alama nyuma. Hata huko, jaribu pia toleo lisilo na alama, kwa sababu Nef ya SIV hutumia mkia wake kushusha MHC-I na alama inaweza kuusumbua.

Plasmidi iwe safi: uwiano wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280 uwe kati ya 1.8 na 2.0, na endotoksini (sumu ya bakteria) iwe imeondolewa. Seli T huchukia endotoksini na hufa kwa wingi.

Sampuli linganishi

Hapa ndipo kipimo huaminika au hukataliwa, kwa hiyo usibane matumizi. Kila siku ya kipimo weka hizi:

- plasmidi ileile yenye nef iliyozimwa kwa kodoni za kusimamisha mwanzoni mwake, GFP ikiwa imebaki. Hii ndiyo msingi wa kila hesabu, wala plasmidi tupu isiyo na GFP haiwezi kuchukua nafasi yake;
- Nef ya VVU-1 aina ya NL4-3, ambayo hushusha CD4 na MHC-I vizuri, hushusha CD28 kidogo, na haigusi CD3;
- Nef ya SIVmac239, ambayo hushusha zote nne;
- seli zisizoingizwa kitu, zikiwa zimepakwa kingamwili na bila kupakwa.

Ukiweza, ongeza matoleo matatu ya NL4-3 yaliyobadilishwa asidi amino. G2A huondoa miristati na karibu kila kazi. LL164/165AA huvunja mshiko wa Nef kwa AP-2 (protini za seli zinazovuta vipokezi ndani), na hivyo CD4 haishuki ilhali MHC-I bado inashuka. M20A hufanya kinyume: CD4 inashuka, MHC-I inabaki juu. Matoleo haya yanaonyesha kwamba kipimo chako kinaweza kutofautisha kazi moja na nyingine, na kwamba hakipimi tu seli zilizochoka. Yakikosea kukupa picha hiyo, usisome sampuli zako za siku ile.

Seli

Jurkat (aina ya seli T zinazokuzwa maabara) zinafaa kuanzia, kwa kuwa zina CD4, CD3, CD28 na MHC-I. Zitunze katika RPMI (kimiminika cha kulishia seli) yenye asilimia 10 ya seramu ya ndama, nyuzi 37, CO2 asilimia 5, msongamano kati ya seli 200,000 na milioni 1 kwa mililita. Zikizidi hapo kwa siku mbili tatu hubadilika tabia. Kuna Jurkat ambazo zimepoteza CD4 au CD3 kwa kukuzwa muda mrefu, kwa hiyo zipime wiki moja kabla na utupe zile zenye vilima viwili kwenye grafu. Pima mycoplasma (bakteria wadogo wanaoambukiza seli za maabara) kila mwezi. Seli zenye mycoplasma hukua na kuonekana nzima, lakini viwango vya vipokezi juu ya utando huwa havitulii.

Jurkat ni seli za binadamu. Kwa CD4 na CD3 hilo si kikwazo kikubwa, maana Nef nyingi za SIV hushusha molekuli hizo za binadamu pia. Kwa protini nyingine ni kikwazo kikubwa sana, na tutalirudia.

Kuingiza plasmidi

1. Siku moja kabla, punguza seli hadi 300,000 kwa mililita ili ziwe katika kasi ya kukua.
2. Hesabu, kisha chukua seli milioni 5 kwa kila plasmidi. Ziteremshe kwa sentrifuji, mara 300 ya mvutano wa dunia, dakika 5.
3. Zioshe mara moja kwa RPMI isiyo na seramu wala viuavijasumu, uziache katika maikrolita 400 za RPMI hiyohiyo.
4. Ongeza maikrogramu 10 za plasmidi katika ujazo usiozidi maikrolita 20. Maji mengi hubadilisha chumvi na mpigo wa umeme huharibika.
5. Hamishia katika kuveti yenye pengo la milimita 4. Piga volti 250, maikrofaradi 950.
6. Andika muda wa mpigo unaotolewa na mashine. Kuveti ambayo muda wake umeachana sana na wenzake ina kiputo cha hewa au chumvi isiyo sawa, irudie.
7. Acha dakika 10 bila kutikisa, kisha mimina katika mililita 5 za RPMI yenye seramu asilimia 10 iliyokwisha pashwa moto. Rudisha katika inkubeta kwa saa 24.

Tarajia vifo. Ukiona zaidi ya nusu ya seli zimekufa kesho yake, punguza volti kidogo kidogo, na upime plasmidi upya kabla ya kuilaumu mashine. Ukipata chini ya asilimia 5 za seli za kijani, tatizo kwa kawaida ni seli zilizozeeka au plasmidi chafu.

Seli za damu za makaki au za watu haziingizwi hivi kwa urahisi. Zinahitaji mashine maalumu na kuchangamshwa kwanza, na kila mfadhili wa damu huhesabiwa kama jaribio lake mwenyewe.

Kupaka kingamwili na kusoma

Fanya kila kitu kwenye barafu. Seli zikipata joto huendelea kumeza vipokezi, na kingamwili yenyewe inaweza kuvichochea vizame. Kwa kila mrija weka seli 300,000, zioshe kwa PBS (maji ya chumvi) baridi yenye seramu asilimia 2, ongeza rangi ya kutambua seli zilizokufa, kisha kingamwili katika maikrolita 100, dakika 30 gizani. Osha mara mbili, gandisha (imarisha kwa kemikali, si kwa baridi) kwa parafomaldehidi asilimia 1, na usome ndani ya saa 24. Usitumie methanoli wala kutoboa utando kabla ya kugandisha, kwa sababu GFP itavuja nje na hutaona kijani.

Kingamwili zisiwe za rangi ya FITC, maana husomwa katika chaneli ileile ya GFP. Rangi ya APC ni salama zaidi. PE inafaa, lakini kijani cha GFP humwagikia katika chaneli yake, kwa hiyo andaa mirija yenye rangi moja moja kwa ajili ya kurekebisha. Usipofanya hivyo, seli zenye GFP nyingi zitaonekana kuwa na kipokezi kingi, na kazi ya Nef itajificha hasa pale ilipo kali.

Klona ya kingamwili, yaani aina yake mahususi, ina maana kubwa. W6/32 hushika MHC-I karibu zote, za binadamu na za makaki. Lakini Nef ya NL4-3 hushusha HLA-A na HLA-B na kuiacha HLA-C (aina tatu za MHC-I ya binadamu), hivyo kupungua utakakokuona kwa W6/32 ni kudogo kuliko hali halisi. Ukihamia seli za makaki, UCHT1 na OKT3 hazishiki CD3 yao, tumia SP34-2. Wapo waliotangaza kwamba CD3 "imetoweka" kwa sababu tu kingamwili yao haikuwa ya mnyama yule.

Kusanya angalau seli 10,000 hai za kijani. Kwanza ondoa uchafu na seli zilizoshikana, kisha zilizokufa. Baada ya hapo gawa seli kwa kijani: zisizo nacho, zenye kidogo, za wastani, zenye kingi. Mipaka hiyo ichorwe kwa sampuli linganishi na isisogezwe tena siku hiyo.

Hesabu

Tumia thamani ya katikati ya mng'ao, kwa sababu wastani wa kawaida huvutwa na seli chache zenye mng'ao mkubwa. Toa kwanza mng'ao wa seli zisizopakwa. Kisha gawa: thamani ya seli za kijani zenye nef iliyozimwa, kwa thamani ya seli za kijani zenye Nef unayopima, katika kundi lilelile la kijani.

Kwa mfano wa kufundishia: msingi, yaani mng'ao wa seli zisizopakwa, ni 200, nef iliyozimwa inasoma 8,200, na Nef yako inasoma 1,200. Hesabu ni 8,000 kugawanya kwa 1,000, yaani CD4 imeshuka mara 8. Ukisahau kutoa msingi ungepata chini ya mara 7, na kwa kipokezi hafifu kama CD28 kosa hilo hukua sana.

Seli zisizo kijani ndani ya mrija uleule ni shahidi mzuri na wa bure. Thamani yao iwe karibu sawa katika mirija yote. Isipokuwa sawa, tofauti imetokana na upakaji au uoshaji, na haihusiani na Nef.

Linganisha kundi la kijani kidogo na kingi. Nef yenye nguvu kweli huonekana hata katika kijani kidogo. Kazi inayojitokeza kwa kijani kingi tu huenda imetokana na protini kurundikwa kupita kiasi, jambo ambalo halimtokei mnyama. Binafsi nathamini zaidi namba za kundi la kati, na huwa siamini andiko linaloonyesha lile la juu peke yake.

Rudia siku tatu tofauti, kila siku ukiingiza plasmidi upya. Mirija mitatu iliyotoka kwenye kuveti moja ni jaribio moja.

Nef ikionekana haifanyi kazi, thibitisha kwamba ipo. Fanya westen bloti (njia ya kutambua protini kwa ukubwa wake): Nef ya VVU-1 ina asidi amino takriban 206 na huonekana karibu na kilodaltoni 27, ya SIVmac ni ndefu zaidi, karibu 263, na hukaa juu yake. Kingamwili nyingi zilizotengenezwa kwa Nef ya VVU-1 hazitambui ya SIV, na hapo alama uliyoiweka nyuma inakuokoa. Protini isiyotengenezwa na protini isiyofanya kazi ni majibu mawili tofauti kabisa.

Kutoka namba hadi ugonjwa

Hapa ndipo wengi huteleza, na ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe. Nef za SIV nyingi hushusha CD3, na hivyo seli T iliyoambukizwa haichangamki kirahisi. Kazi iliyochapishwa mwaka 2006 ilionyesha kwamba uwezo huo umepotea katika ukoo wa virusi vyenye jeni ya vpu vilivyozaa VVU-1. Ilivutia kusema basi kwamba kushusha CD3 ndiko kunakomkinga mnyama: mangabei (kima wa Afrika, Cercocebus atys) hubeba SIVsmm, SIV yake mwenyewe, kwa wingi katika damu na kwa kawaida haugui, na tumbili vilevile na SIVagm yake. Lakini Nef ya SIVmac239 hushusha CD3 barabara, na makaki rhesus wanapata upungufu wa kinga na kufa. Protini ni ya ukoo uleule, namba kwenye saitometa zinafanana, mwenyeji ndiye tofauti. Mangabei hutuliza mchafuko wa kinga baada ya wiki za mwanzo na ana CCR5 (kipokezi cha pili ambacho kirusi hutumia kuingia) chache kwenye seli zake za CD4. Baadhi ya seli za tumbili huacha kuonyesha CD4 zinapokuwa seli za kumbukumbu. Makaki hana kinga hizo.

Mwenyeji wa asili naye si salama daima. Sokwe wa Gombe, Tanzania, walidhaniwa kwa miaka mingi kubeba SIVcpz bila madhara, hadi kazi ya mwaka 2009 ilipoonyesha kwamba walioambukizwa wana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri wao.

Kwa hiyo andika matokeo yako kwa kiwango yanachostahili. "Nef hii hushusha CD3 katika seli za Jurkat" ni sentensi unayoweza kuitetea. "Nef hii huzuia ugonjwa" haitokani na kipimo hiki. Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka pale ambapo kirusi chenyewe, ndani ya mnyama, kinarudisha kazi iliyoondolewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kodoni ya mwaka 1991, na pia pale mkia wa Nef ya SIVmac ulipobadilishwa ili isishushe MHC-I, virusi vikairudisha. Majaribio hayo ya wanyama yamekwisha fanyika. Soma mfuatano uliohifadhiwa kabla ya kumfikiria mnyama mwingine.

Tahadhari ya mwisho kuhusu mwenyeji ni tetherin, protini inayovifunga virusi juu ya seli visitoke. Nef za SIV nyingi huishusha tetherin ya tumbili na makaki. Tetherin ya binadamu imekosa asidi amino tano katika mkia wa ndani, zilezile ambazo Nef hushikia. Ukiipima Nef ya SIV kwa tetherin ya binadamu utaandika "haifanyi kazi" juu ya protini inayofanya kazi vizuri kabisa kwa mwenyeji wake. Katika kundi kuu la VVU-1 kazi hiyo imechukuliwa na Vpu, na katika VVU-2 na Env. Hali ni hiyo kwa jozi nyingine za protini ya kirusi na protini ya kinga ya mwenyeji, Vif na APOBEC3G, na Vpx na SAMHD1: jozi isipokuwa ya spishi moja, jibu hasi halina maana. Weka plasmidi ya kipokezi cha mnyama husika katika seli za 293T (seli za maabara za binadamu), ambazo hazina CD4 yake zenyewe, na upime humo.

Katika ripoti taja, kwa kila Nef: spishi ya mnyama, hatua ya maambukizi sampuli ilipochukuliwa, idadi ya klona, mahali pa alama kama ipo, aina ya seli na spishi yake, klona ya kila kingamwili, kundi la kijani lililotumika, na msingi uliotolewa. Bila vitu hivyo hakuna maabara nyingine itakayoweza kulinganisha namba zako na zake.